Duka Ndani ya Simu

Zamani mtu wa Endebess akitaka viatu ilibidi apande matatu mpaka Kitale. Siku hizi mama wa mitumba hangojei wateja sokoni tu. Anapiga nguo picha na kuziweka kwenye WhatsApp. Mteja anachagua, analipa kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, na mtu wa bodaboda anamletea mzigo.

Je, maduka yatafungwa? La hasha! Kampuni ya Copia, iliyoanza hapa Kenya mwaka wa 2013, iliwafanya wenye maduka ya mashambani kuwa maajenti wake. Mteja aliagiza kwa simu au pale dukani, kisha akachukua bidhaa hapo hapo. Mwaka wa 2024 ilikosa mtaji, ikawekwa chini ya wasimamizi. Duka la kawaida halikwenda nayo, kwani mwenye duka anakujua, anakukopesha, na kiatu kikibana unakirudisha.

Shida ni kwamba picha haishikiki. Wahenga walituonya tusinunue mbuzi ndani ya gunia. Kwa hivyo wenzangu, ulizeni kwanza duka liko wapi, fungueni mzigo muukague, ndipo mtoe pesa.