Ofisi Ipi Hutunza Karatasi Ipi: Habari kwa Watu wa Kisii na Nyamira

Mzee afapo katika nchi ya Gusii, watu huja wengi kumzika, na mengi husemwa juu ya wema wake. Wageni wakisha kurudi makwao hubaki swali moja ambalo halikusemwa kaburini: shamba limeandikwa kwa jina la nani? Mara nyingi jibu ni kwamba limeandikwa kwa jina la marehemu, au la babaye aliyekufa zamani, na hakuna mtu nyumbani ajuaye karatasi yake ilipo. Hapo ndipo safari za ofisini huanza. Mwana mkubwa hupanda matatu kwenda mjini Kisii, husimama kwenye foleni tangu asubuhi, na alasiri huambiwa kwamba jambo lake si la ofisi ile. Wiki ya pili hufanya vivyo hivyo katika ofisi nyingine. Wiki ya tatu hukutana nje ya mlango na mtu mwenye maneno matamu, amwambiaye kwamba akitoa fedha ataonyeshwa njia ya mkato.

Mtu huyo wa mlangoni hupata riziki yake kwa sababu watu hawajui ofisi ipi hutunza karatasi ipi. Jambo lenyewe si gumu kujifunza.

Kwanza yapasa kufahamu kwamba tangu mwaka wa 2013 wananchi wa Kenya wana serikali mbili, ya Taifa na ya Kaunti, na kila moja ina kazi zake. Majengo yao huweza kuwa karibu, na watumishi wao hunywa chai katika hoteli moja, lakini madaftari yao ni mbalimbali. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo, kitambulisho na rejista ya ardhi ni mambo ya Serikali ya Taifa. Chifu na naibu wake ni watumishi wa Serikali hiyo hiyo. Kwa hiyo mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti hawezi kumpa mtu cheti cha kifo, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja. Zahanati na hospitali za kaunti, shule za watoto wadogo, masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, maji na mashauri ya kilimo ni kazi ya Serikali ya Kaunti, na mtu wa kwanza wa kuulizwa habari zake ni msimamizi wa wadi.

Mambo ya Keroka yataka uangalifu zaidi. Mji huo umekaa mpakani, upande mmoja Kisii na upande wa pili Nyamira, na baada ya mwaka wa 2013 serikali hizo mbili za kaunti zilivutana juu ya nani atoze ushuru wa soko. Mwuza ndizi hana uwezo wa kukata shauri la namna hiyo. Awezalo ni kutotoa hata shilingi moja bila kupewa stakabadhi, na kuisoma stakabadhi hiyo aone imetolewa na kaunti ipi, maana akija mtoza ushuru mwingine jioni, karatasi ile ndiyo itakayomsemea.

Tena mtu atafutaye kumbukumbu za zamani akumbuke kwamba majina ya mahali yamebadilika. Nyamira ilifanywa wilaya mwaka wa 1987. Kabla ya hapo yote yalikuwa Wilaya ya Kisii. Na kabla ya miaka ya mwanzo ya 1960, Kisii yenyewe ilikuwa makao makuu ya wilaya kubwa iliyofika hadi Ziwani, iliyoitwa kwanza Kavirondo ya Kusini na baadaye Nyanza ya Kusini. Basi mtu aliyezaliwa karibu na mji wa Nyamira mwaka wa 1975 asishangae akiona cheti chake kimeandikwa Kisii. Hakuna kosa. Taarifa za mwaka na barua za mabwana D.C. wa siku hizo zimehifadhiwa katika Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa mjini Nairobi, katika jengo lililokuwa zamani la Bank of India, na raia yeyote aweza kwenda kuzisoma.

Sasa turudi kwa mwana wa marehemu na shamba la babaye. Karatasi ya kwanza aitakayo si hati ya shamba, bali ni cheti cha kifo, na hapa wengi hukosea. Mtu akifia hospitali, hospitali huandika habari za kifo. Akifia nyumbani, kazi hiyo ni ya naibu wa chifu. Ndipo hutolewa kibali cha mazishi. Watu hukitunza kibali hicho sandukuni kwa miaka mingi wakidhani yamekwisha. Lakini kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti hutolewa na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, na huombwa huko au kwa njia ya eCitizen. Ikiwa kifo hakikuandikishwa kwa wakati wake, mlango haukufungwa, ila utaratibu wa kuchelewa ni mrefu na wataka ushahidi zaidi. Wazee waliomzika marehemu huulizwa, nao hawaishi milele.

Karatasi ya pili ni barua ya chifu yenye kutaja warithi wote. Barua hii ni fupi, lakini imevunja nyumba nyingi kuliko radi. Wako watu waendao kwa chifu wakataja wana wa kiume tu, wakawaacha binti walioolewa, au wakaiacha nyumba ya mke mdogo. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haibagui mtoto wa kiume na wa kike, na Katiba ya mwaka wa 2010 imelitia nguvu jambo hilo. Aliyeachwa aweza kwenda mahakamani hata baada ya miaka, na hakimu akiona kwamba jina lake lilifichwa, aweza kufuta yote yaliyofanywa. Ndipo shamba lililokwisha kugawanywa na kujengwa hurudishwa mezani upya.

Kwa karatasi hizo mbili familia huomba mahakamani usimamizi wa mali ya marehemu. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na watu hupewa siku 30 za kuleta pingamizi. Usimamizi ukitolewa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya kuthibitishwa, na ndipo mgawanyo upelekwapo kwa msajili wa ardhi. Katika muda huo wote hakuna ruhusa ya kuuza hata kipande kidogo. Auzaye mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka hayo atenda kosa la jinai, na anunuaye amenunua upepo. Neno hili yafaa lisemwe wazi, kwa kuwa Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860 mwaka wa 2019, yaani zaidi ya 900 katika kila kilometa moja ya mraba, na Nyamira 605,576. Shamba likitangazwa kuuzwa, wanunuzi hawakosekani, wala hawaulizi sana.

Mnunuzi mwenye busara huuliza katika ofisi ya ardhi. Mashamba ya Kisii na ya Nyamira hayana msajili mmoja. Sheria ya mwaka wa 2012 yampa mtu haki ya kuomba upekuzi rasmi wa rejista, akilipa ada iliyowekwa, akapewa karatasi yenye kuonyesha mwenye shamba ni nani, ukubwa wake, na kama kuna mkopo au zuio juu yake. Zuio ni neno la kutazamwa kwa makini: huandikwa na mtu adaiye kwamba ana haki katika shamba hilo, na likiwapo, shamba halihamishwi mpaka liondolewe. Katika Borabu, ambako watu wengi walipewa mashamba ya makazi kwa mkopo wa Serikali wakati wa Uhuru, mara nyingine deni la babu bado limeandikwa rejistani, hata kama mzee alilipa, kwa kuwa hakuna aliyepeleka karatasi ya kulifuta.

Upekuzi hauwezekani bila nambari ya shamba. Nambari hiyo huanza na jina la eneo, kama vile Nyaribari Chache, Wanjare au West Mugirango, kisha sehemu ndogo, kisha tarakimu. Na mtu asiyeijua, kwa kuwa hati imepotea au imeliwa na mchwa? Aulize nambari ya jirani, aende nayo katika ofisi ya upimaji, atazame ramani. Shamba lake litaonekana pale ubavuni mwa shamba la jirani, na nambari yake imeandikwa ndani. Hati yenyewe ikiwa imepotea kweli, msajili aweza kutoa nyingine baada ya kiapo na tangazo katika Gazeti la Serikali kwa siku 60. Ama ugomvi wa mpaka, usipelekwe mahakamani kwanza. Sheria yamtaka msajili wa ardhi ndiye aje na mpimaji kuuonyesha mpaka.

Kuna kizuizi kingine, kidogo kama kiroboto lakini chasumbua watu wengi, nacho ni namna majina yalivyoandikwa. Makarani wa zamani waliandika walivyosikia. Ong'era akawa Ongera, Mokaya akawa Makaya, na mtu mmoja ana jina hivi katika kitambulisho na vile katika hati ya shamba. Yafaa karatasi zote zilinganishwe herufi kwa herufi nyumbani, kabla ya safari. Zikitofautiana, hutengenezwa kiapo cha maandishi kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, nacho hupelekwa pamoja na zile nyingine. Na mtoto wa leo aandikwapo, mzazi asome jina katika karatasi kabla karani hajafunga daftari.

Hayo ni ya mtu na nyumba yake. Yako pia ya watu wote. Tuseme watu wa kijiji fulani huko Bobasi waliambiwa kwamba fedha za zahanati zimetengwa, wakaona msingi umechimbwa, kisha nyasi zikamea ndani yake. Wana haki ya kujua fedha zilikwenda wapi. Makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, nayo si siri. Tena kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016, raia yeyote aweza kuomba habari kutoka ofisi ya serikali kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Halazimiki kueleza sababu yake. Asiyejua kuandika asaidiwe na afisa mwenyewe. Kuomba hakuna malipo. Gharama ya kunakili ndiyo iwezayo kudaiwa. Ombi likifika ofisi isiyohusika, ofisi hiyo yapaswa kulipeleka panapohusika katika siku 5, na jibu litoke katika siku 21. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu ni katika saa 48.

Mwombaji apeleke barua mbili zenye maneno yale yale, moja aiache ofisini na ya pili apigiwe muhuri wenye tarehe, arudi nayo nyumbani. Siku zikipita kimya, au akinyimwa bila sababu ya haki, aipeleke nakala hiyo yenye muhuri kwa Tume ya Haki ya Utawala, iitwayo na wengi Ombudsman, kabla ya siku 30 kwisha tangu siku ya kukataliwa.