Sauti ya Bibi Ilipofutika: Tukitumieje Vizuri Kicheza Muziki cha Mkononi?

Jumapili moja ya mwaka 2016, baada ya chakula cha mchana, mwanangu wa tatu alinifuata jikoni akiwa na kile kidude chetu cha MP3. Alikuwa na miaka 11, na uso wake ulijaa furaha. "Mama, kilikuwa kinakwamakwama," akasema. "Nimekifomati. Sasa kinafanya kazi vizuri." Alitazamia kusifiwa. Mimi niliacha mwiko ndani ya sufuria, nikakaa kwenye kigoda.

Humo ndani zilikuwamo nyimbo za kwaya na hadithi za watoto. Hizo zinapatikana tena. Lakini zilikuwamo pia faili 7 za sauti ya marehemu mama mkwe wangu. Mwaka 1994, mume wangu alipokuwa masomoni ng'ambo, mama yake, ambaye hakujua kuandika, alimtumia barua ya kanda. Alikaa mbele ya redio kaseti kule kijijini, akamsalimu mwanawe, akamtajia waliozaliwa na waliofariki, akamsimulia hadithi aliyokuwa akimsimulia utotoni, kisha akacheka kwa sababu aliona haya kuzungumza na redio. Mwaka 2011 shemeji yangu aliihamisha kanda ile kwenye kompyuta yake, akaikata vipande 7, akatuwekea kwenye kidude. Kompyuta ile iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu. Na kanda yenyewe ilikuwa imeota ukungu, tukaitupa wenyewe. Tuitunze ya nini, nasi sauti tunayo?

Mama mpendwa, sikuandika haya ili umwogope mtoto na vidude vyake. Kosa halikuwa la mtoto. Kosa lilikuwa letu sisi wazazi, tuliofanya kikapu kuwa ghala. Kikapu unakwenda nacho sokoni, kinadondoka, kinaibiwa, kinakanyagwa. Hakuna mwanamke anayeweka mahindi yote ya mwaka ndani ya kikapu. Lakini nyimbo na sauti tunaziweka hivyo, tena tukiwa na amani kabisa.

Nitakueleza kwanza tulichokiokoa. Fundi tuliyempelekea aliuliza jambo moja tu: "Mmeingiza kitu kingine tangu kifutwe?" Alitufafanulia kwamba kufomati kwa kawaida hakufuti sauti zenyewe. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu: kurasa nyingine zipo, ila kifaa hakijui tena ziko wapi, na kinaziona kuwa nafasi tupu ya kuandikia. Ukiandika juu yake, basi tena. Kwa hiyo likikupata hili, zima kifaa hapo hapo, usiingize hata wimbo mmoja, na mpelekee anayejua. Zipo hata programu za bure za kufufua faili, kama PhotoRec, ambayo licha ya jina lake inatafuta sauti pia. Mwanangu alikuwa ameshaingiza nyimbo zake kadhaa. Tulipata faili 5 kati ya 7. Ile ya kicheko haikurudi.

Vilitoka wapi vidude hivi?

Wengi wetu tulikua na redio kaseti. Walkman ya kampuni ya Sony ilianza kuuzwa Japani mwaka 1979, na kwa miaka mingi kutembea na muziki kulimaanisha kutembea na kanda. Mwaka 1998 kikatoka Korea Kusini kidude kiitwacho MPMan, chenye megabaiti 32 tu, nafasi ya nyimbo chache. Oktoba 2001 kampuni ya Apple ikaleta iPod yenye gigabaiti 5, ikasema inabeba nyimbo 1,000 mfukoni. Hivi vyote viliwezekana kwa sababu ya MP3, ufundi uliokuzwa na wataalamu wa Ujerumani, ambao hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa zile sauti ambazo sikio la mwanadamu halizisikii vizuri, kwa mfano sauti ndogo iliyofunikwa na kubwa.

Apple iliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, na leo wengi husikiliza kwenye simu. Pengine utasema basi habari hizi zimepitwa na wakati. Sivyo. Nenda soko lolote utakuta vidude vya bei nafuu vinavyotumia kadi ya kumbukumbu, na redio ndogo zenye tundu la kadi na la flashi. Tena mimi naona vina faida ambayo simu haina: mtoto anasikiliza hadithi bila intaneti, bila michezo, bila matangazo, na simu yako inabaki mkononi mwako. Bando nalo halikatwi. Wale wanaolipia muziki wa intaneti wajue kwamba nyimbo wanazopakua humo si zao. Ukiacha kulipa, zinafungwa. Spotify, iliyofika Tanzania na Kenya mwaka 2021, hudai simu iingie intaneti angalau mara moja kila siku 30, la sivyo ulichopakua hakichezi.

Ghala kwanza

Ghala lako liwe kwenye kompyuta, na kama nyumbani hamna kompyuta, liwe kwenye flashi ambayo haitoki kabatini. Tengeneza folda moja kubwa, ndani yake folda za kila kwaya au mwimbaji. Halafu iwepo nakala ya pili mahali pengine, kwa dada yako au kwa mama yako mzazi, maana mwizi na moto havichagui. Kwenye kidude unaweka unachotaka kusikiliza mwezi huu tu. Kikiibiwa, umeibiwa kidude.

Wenye iPod za zamani wawe waangalifu zaidi. Iliundwa ijilinganishe na maktaba ya kompyuta moja kwa kutumia programu ya iTunes. Ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine, programu inaweza kukuuliza kama ifute yaliyomo na kuweka ya kompyuta hiyo. Wengi hubonyeza kukubali bila kusoma. Kataa, kisha tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuruhusu nyimbo zisimamiwe kwa mkono. Kwenye kompyuta za Windows iTunes bado ipo. Kwenye Mac, tangu mwaka 2019, kazi hiyo hufanywa na Finder.

Na kadi je? Usinunue ile inayojisifu kubeba gigabaiti 512 kwa bei ya kilo mbili za sukari. Kadi bandia ni nyingi. Inaonyesha nafasi kubwa, lakini ikishajaa kiasi kidogo, zinazofuata zinapotea kimya kimya. Gigabaiti 8 za kweli zinatosha: kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja huchukua karibu megabaiti moja, maana yake zaidi ya saa 130 za muziki. Vidude vingi vya bei ndogo havisomi hata kadi iliyozidi gigabaiti 32, kwa sababu vinataka ipangwe kwa mfumo wa zamani wa FAT32.

Kuna pia wale vijana wa vibandani wanaoingiza nyimbo kwa kulipwa. Sitawalaumu wote, lakini flashi nyingi zimetoka pale na virusi, ukifika nyumbani folda zote zimegeuka vijialama visivyofunguka. Na nyimbo zile wenyewe waliotunga hawapati senti. Kama kwaya ya usharika wenu imetoa CD, inunue, uiingize mwenyewe kwenye kompyuta. iTunes hufanya hivyo. Weka CD, chagua MP3, kilobiti 192 zinatosha sana kwa sikio la kawaida. Jambo moja usifanye: kugeuza MP3 kuwa MP3 nyingine ukidhani utaiboresha. Kila mara inapogeuzwa inatupa kitu tena.

Kwa nini nyimbo zinachanganyika?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Umeweka sura za hadithi kwa mpangilio, mtoto anasikiliza, sura ya 4 inatangulia ya 1. Sababu ni kwamba vidude vingi rahisi havipangi kwa majina; vinacheza kwa mpangilio ambao faili ziliingia. Dawa yake ni kuzipa majina yanayoanza na 01, 02, 03, kisha kuzinakili moja moja kwa zamu. Inachosha kidogo, lakini unafanya mara moja.

Vidude vingine havisomi jina la faili, bali lebo iliyofichwa ndani yake yenye jina la mwimbaji na la wimbo. Ndiyo maana unakuta nyimbo 40 zote zimeandikwa "haijulikani". Programu ya bure ya Mp3tag hurekebisha lebo za folda nzima kwa mara moja. Mwachie binti yako wa sekondari kazi hiyo siku ya likizo, ataifurahia kuliko kuosha vyombo.

Mimi nina folda tatu tu: ya kupikia, ya safari, na ya kulalia watoto. Nilijaribu kuwa na 15, nikawa sikumbuki kipi kiko wapi.

Kabla ya kuchomoa kidude kwenye kompyuta, bonyeza amri ya kukiondoa kwa usalama na ungoje. Kule kukwamakwama kulikomfanya mwanangu afomati, fundi alisema, huenda kulitokana na kuchomolewa ghafla tena na tena.

Masikio ya watoto

Hapa naomba tukae kidogo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila madhara. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huo huo. Ikifika desibeli 90, saa 40 zinashuka hadi saa 4 kwa juma. Seli ndogo za sikio la ndani zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena, na mtoto haumwi chochote wakati zinakufa. Utamwona anaanza kusema "eeh?" mara mbili mbili, utadhani ni mkaidi.

Shirika hilo linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa kifaa. Vidude vingine vina mahali pa kufungia kiwango cha juu, kifunge. Kama hakina, simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtoto aliyevaa spika za masikioni, umwite kwa sauti ya kawaida. Asiposikia, punguza. Mara nyingi tunaongeza sauti kwa sababu wimbo mmoja umerekodiwa chini na mwingine juu. Programu ya MP3Gain husawazisha nyimbo zote bila kuziharibu, na mtoto hana tena sababu ya kugusa kile kitufe. Akivuka barabara, azivue zote mbili. Si moja, zote.

Betri nitaisema kwa ufupi. Adui yake ni joto: isiachwe dirishani penye jua, wala karibu na jiko, wala ndani ya gari lililofungwa. Ukitaka kukiweka kidude miezi kadhaa, kiache na chaji nusu. Kikivimba, usikichaji tena wala usikitoboe.

Kanda zilizobaki

Kama una kanda ya mzazi au ya harusi yako, usingoje. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti, izungushe kanda mbele mpaka mwisho na kuirudisha, kisha unganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni la redio hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu hilo, lakini vipo vifaa vidogo vya kuchomeka pembeni. Programu ya Audacity ni ya bure. Bonyeza kurekodi, cheza kanda, na angalia kipimo cha sauti kisiguse wekundu. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Hifadhi kwanza kama WAV, isiyopunguzwa chochote. Itakula karibu megabaiti 600. Hiyo ndiyo ya ghala. Kisha toa nakala ya MP3 kwa ajili ya kidude. Kwa sauti ya mtu akizungumza, kilobiti 64 kwa sekunde zinatosha, na saa nzima haifiki megabaiti 30. Na kanda yenyewe usiitupe.

Mwaka jana mdogo wa mume wangu, akifungua sanduku la baba yao, alikuta kanda nyingine, isiyo na maandishi upande wowote. Tumeazima redio kaseti kwa jirani. Mwanangu yule, ambaye sasa ni kijana mkubwa, amekwishainunulia mkanda mpya wa kuzungushia, na amesema Jumamosi hii hatatoka.