Kuchagua Redio Ndogo ya Kadi

Mfanyakazi anayemnunulia mama yake aliyeko Kilwa Kivinje redio ndogo ya kadi, ile ipigayo nyimbo bila kaseti, kwa kawaida huvutwa na rangi na ukubwa wa sauti. Yafaa kwanza atazame betri. Zipo redio zilizozibwa kabisa. Betri ikifa, chombo chote hutupwa na fedha ya mshahara imekwenda. Bora ile inayofunguka kwa kidole, hasa yenye betri ya BL-5C, iliyotumika katika simu nyingi za Nokia.

Huku pwani adui mwingine ni chumvi. Upepo wa bahari hula vyuma vya mlango wa kadi na wa chaja. Mvuvi aendaye nayo usiku hana budi kuiweka katika kopo lenye kifuniko kinachobana.

Kadi kubwa si lazima. Dakika moja ya muziki, kwa ubora wa kawaida, huchukua takriban megabaiti 1. Hivyo gigabaiti 4 zatosha saa zipatazo 70, hata kwa mpenzi wa taarabu ndefu.

Ijaribuni dukani kwa kadi yenu wenyewe, si ya muuzaji. Kisha fumbeni macho, mpapase vitufe: mama hatatafuta miwani gizani kwa ajili ya wimbo mmoja.