Titanic Yetu ni Simbi Nyaima
Msomaji, bila shaka umeitazama Titanic, filamu ya 1997 iliyozoa tuzo 11 za Oscar. Mapenzi ya Jack na Rose yalinichosha mimi. Saa tatu na ushee! Walionigusa ni maskini waliofungiwa chini maji yakipanda.

Lakini je, wanao wanaijua Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay? Waluo husimulia kwamba ajuza aliyeomba hifadhi usiku alifukuzwa karamuni. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha, naye akaambiwa atoroke. Kijiji kikazama, likabaki ziwa la magadi. Huko aliyeokoka ni mkarimu, si tajiri.

Mbona hatuipigi picha wenyewe? Simba wa Tsavo walishatuponyoka: The Ghost and the Darkness ya 1996 ilipigwa Afrika Kusini.