"Hula" na "Alikula": Sarufi ya Mnyama Aliyetoweka

Nilipokuwa Nakuru, mtaa wa Bondeni, baada ya sala ya laasiri, alinijia kijana mmoja anayesomesha Kiswahili shule ya sekondari. "Maalim," akaniambia, "wanafunzi wangu wamekuta kitabuni neno diprotodoni. Nimewataka walitumie katika sentensi. Mmoja ameandika 'diprotodoni ilikula', mwengine 'diprotodoni hula'. Yupi amepata?"

Hakuna aliyepata, nikamjibu, na sababu zenyewe zafaa kuelezwa.

Kwanza tumjue mwenye jina. Diprotodoni alikuwa mnyama wa Australia, jamaa wa kangaruu, katika wale ambao mama hulea mtoto ndani ya mfuko wa ngozi tumboni. Katika wanyama wa mfuko wote wanaojulikana, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa zaidi: umbo lake lilikaribia la kifaru, na uzito wake ulifika kilo 2,700 hivi. Mtaalamu wa Kiingereza, Richard Owen, alimpa jina hilo mwaka 1838 kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya meno mawili ya mbele. Alitoweka zaidi ya miaka 40,000 iliyopita.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Australia tu. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza jina la Morotodoni, mnyama mdogo wa ukoo ulio karibu na huo wa mfuko, ambaye mabaki yake yalipatikana Moroto, Uganda. Maana ya jina ni jino la Moroto.

Sasa turudi kwenye sarufi. Jina ni geni, lakini mwenyewe ni mnyama, basi huingia ngeli ya wanyama: diprotodoni yule, diprotodoni wale. Kufa hakumgeuzi kuwa kitu. Kwa hiyo "ilikula" si sawa. Na "hula" nayo si sawa, kwani hiyo hu- ni ya mazoea ya kiumbe aliyepo. Mnyama akitoweka hunyang'anywa hu-, akaachiwa -li-: diprotodoni alikula majani.

Msomaji asione kuwa huu ni mchezo wa darasani. Karibu na mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, kwa ajili ya majangili na tamaa ya pembe, hawakufika 400. Ndipo mwaka 1987 mbuga ya Ziwa Nakuru ikafanywa hifadhi ya vifaru, ikazungushiwa ua wa umeme. Kwa sababu hiyo mwalimu wa Nakuru aweza leo kuwaambia watoto, "Kifaru hunywa maji kwetu," na asiwe mwongo.

Lakini huko Laikipia, si mbali na Nakuru, alikufa Sudan mwezi wa Machi 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta. Alikuwa dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini. Siku ile dume la kabila lile lilitoka katika hu- likaingia katika -li-, nasi tu hai twatazama.

Mola alimfundisha baba yetu Adam majina ya vitu vyote. Majina tumeyarithi, na wenye majina ni amana mikononi mwetu. Kumtungia sentensi aliyekwisha toweka ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kumhifadhia kifaru hu- yake.