Matundu Mawili ya Simu



Dada zetu wengi hutuuliza: mbona tundu la chaji huharibika mapema, hali tundu la visikizi vya masikioni hudumu mpaka simu yenyewe ikachakaa? Suala hili si dogo. Simu leo ndiyo mkoba wa fedha za nyumba, ndiyo sauti ya mtoto aliyeko Muscat au Dubai, na ndiyo darsa la mama aliye jikoni.

Tundu la visikizi asili yake ni mitambo ya kuunganishia simu ya karne ya 19, ambapo mhudumu alichomeka na kuchomoa waya kutwa nzima. Upana wake ulipunguzwa hadi milimita 3.5, lakini umbo lilibaki: kijiti cha mviringo, kigumu, kizungukacho bila ya kuvunja kitu.

Tundu la chaji la USB-C si hivyo. Katikati yake mna ulimi mwembamba wenye vigusio 24, kumi na viwili kila upande. Limekadiriwa kustahimili kuchomekwa mara 10,000. Kwa mara tatu kwa siku, ni zaidi ya miaka 9. Basi aghalabu kiliuacho si kuchomeka, bali ni waya kuvutwa kwa ubavu, nyuzi za nguo zinazoshindiliwa ndani, na unyevu wa chumvi wa pwani yetu, ambao umeme ukiukuta huharakisha kutu.

Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la visikizi katika iPhone 7, na kampuni nyingi zikafuata. Tundu moja likabebeshwa kazi mbili. Tundu la visikizi likifa, simu huishi. La chaji likifa, nyumba nzima hunyamaza.

Kwa hiyo twausiana haya. Tuchomoe kwa kushika kichwa cha waya, si kwa kuuvuta. Tusilale na simu iliyo kwenye chaji huku tukisikiliza. Ikiloa, tusiitie chaji hata ikauke kabisa. Waya usiposhika, tuizime simu, tutoe uchafu taratibu kwa njiti ya mbao, kamwe si kwa sindano. Mara nyingine ugonjwa wote ni pamba ya mfukoni. Na ikibidi fundi, katika simu nyingi tundu hilo hubadilishwa peke yake. Hapana haja ya kununua simu mpya.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akivishona viatu vyake kwa mkono wake. Basi kutengeneza kilichoharibika si unyonge wala ubahili. Ni kufuata nyayo zake, na ni kujikinga na israfu. Mali tuliyopewa ni amana, na tutaulizwa juu yake.

Wabillahi tawfiq.