Mzazi Amehamia Kaunti Nyingine: Agizo la Matunzo ya Mtoto Hubadilishwaje?

Tuchukue mfano wa wazazi wawili wa Chegulo waliotengana. Mahakama ya Butali iliagiza watoto wakae na mama, naye baba atoe shilingi 6,000 kila mwezi. Miaka mitatu imepita. Mama amehamia Kitale kutafuta riziki. Baba alipoteza kazi na sasa anaendesha bodaboda Nairobi. Mama anasema 6,000 hazitoshi. Baba anasema hata 3,000 ni shida. Huenda wote wawili wanasema kweli, lakini hakuna anayeweza kubadilisha kiasi hicho kwa kupiga simu.

Mahakama hazikugatuliwa. Ni za taifa zima, na serikali ya kaunti haiziendeshi. Kwa hivyo agizo lililotolewa Butali lina nguvu Trans Nzoia, Nairobi na kwingineko nchini, bila kusajiliwa upya. Wajibu wenyewe unatoka kwenye Ibara ya 53 ya Katiba: baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaruhusu mahakama kuongeza, kupunguza au kuondoa malipo hali inapobadilika. Ombi hupelekwa kwenye mahakama iliyotoa agizo, katika faili ile ile, likiambatana na hati ya kiapo. Beba nakala ya agizo, au angalau nambari ya kesi. Kusema tu kwamba maisha yamepanda hakutoshi. Mama alete risiti za kodi ya nyumba, karo na matibabu. Baba alete barua ya kuachishwa kazi na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha anachopata na alichokuwa akituma. Mwenzako lazima apewe nakala za ombi ili naye ajibu.

Umbali usikuzuie. Tangu Machi 2024 kesi huwasilishwa kwa mtandao kote nchini, na unaweza kuomba usikilizwe kwa video. Ikiwa nyote mmeondoka Kabras, Mahakama Kuu inaweza kuombwa ihamishie kesi karibu na mtoto anakoishi.

Kosa linaloumiza wengi ni kunyamaza. Baba anaacha kutuma pesa akidhani mahakama itamwelewa baadaye, kumbe kila mwezi deni linaongezeka, na kuwasilisha ombi peke yake hakulifuti. Deni hilo linaweza kukatwa kwenye mshahara wake au kumfikisha jela ya madeni. Lipa unachoweza huku ukisubiri, na utunze ujumbe wa kila malipo. Mama naye asimzuie baba kuwaona watoto kwa sababu pesa zimechelewa, wala baba asikatae kulipa kwa sababu watoto wamepelekwa Kitale. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtoto ndiye anayelala njaa wazazi wanapoyachanganya.

Mkikubaliana kiasi kipya, vizuri sana. Yaandikeni makubaliano hayo, kisha myapeleke mahakamani yaingizwe kwenye faili, maana hadi hapo kiasi cha zamani ndicho kinachodaiwa.

Kabla ya kutafuta wakili, mwone afisa wa watoto wa Malava, au wa kaunti ndogo unakoishi sasa. Mtoto akiwa ametelekezwa, piga 116. Simu hiyo hailipiwi.